Wilaya Ikifutwa, Deni Lake Hurithiwa na Nani?

Ukigeuza kitambulisho cha Mkenya kilichotolewa kabla ya kadi za Maisha, nyuma yake utakuta wilaya, tarafa, kata na kata ndogo ya mwenyewe, zimepangwa kutoka kubwa hadi ndogo. Kwa wengi waliozaliwa upande wa kusini wa Ghuba ya Winam kabla ya miaka ya 1990, wilaya ya kuzaliwa iliyoandikwa upande wa mbele ni Nyanza Kusini. Wilaya hiyo haipo tena. Haina mkuu wa wilaya, haina bajeti, haina ramani inayotambuliwa na sheria, na kijana wa Homa Bay aliyezaliwa mwaka 2000 huenda hajawahi kusikia jina lake ila kwenye kiwanda cha sukari cha Awendo, ambacho bado kinaitwa Sony, kifupi cha South Nyanza. Hata hivyo serikali ile ile iliyoifuta iliendelea kumtambua mwananchi kwa jina hilo, benki, kwenye kituo cha kupigia kura na kwenye lango la kila ofisi ya umma. Hapo pana swali linalostahili kuulizwa taratibu: wilaya ni kitu cha namna gani, na inapofutwa ni nini hasa kinachokufa?

Swali lenyewe ni la kale. Katika kitabu cha tatu cha Siasa, Aristotle anaeleza mabishano ya Wayunani kuhusu mikataba. Utawala wa mabavu ulipoangushwa, wapo waliokataa kutimiza yaliyoahidiwa zamani, wakisema aliyekopa alikuwa mtawala yule, wala si dola. Aristotle akajibu kwamba kinachoifanya dola ibaki ile ile ni katiba yake, na kwamba kuta za mji na watu waliomo havitoshi. Ama kuhusu kama ni haki kulipa au kutolipa katiba inapobadilika, akasema hilo ni jambo jingine, akaliacha. Naona aliliacha lile lililo zito zaidi. Hoja yangu ni kwamba wilaya ni jumla ya madai ambayo watu wamepewa haki ya kudaiana, na mpaka ni chombo cha kuonyesha nani anamdai nani. Mpaka waweza kufutwa kwa kura ya alasiri moja. Madai hayaondoki hivyo: hulipwa, au husamehewa na mwenye kudai, au hukabidhiwa mrithi anayejulikana kwa jina. Kenya ilipofuta wilaya zake iliwatafuta warithi wa majengo na magari. Madai mengine yaliachwa bila mwenyewe, na watu wa pwani ya ziwa wanaishi na matokeo yake.

Tuanze na wilaya yenyewe, maana bila historia yake hoja hii itaelea hewani. Hadi mwanzoni mwa 1902 ukanda wa Waingereza mashariki mwa ziwa ulikuwa sehemu ya Uganda. Reli kutoka Mombasa ilifika majini Desemba 1901, mahali Waingereza walipopaita Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, na Aprili 1902 London ikauhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hakuna mtu wa Seme, wa Kano wala wa Karachuonyo aliyehama siku hiyo. Nchi ndiyo iliyohamishwa wao wakiwa wamekaa. Mkoa mpya uliitwa Kisumu, baadaye Nyanza, na ndani yake zikachorwa wilaya za Kavirondo: ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Kavirondo ni jina ambalo wageni waliwabandika Waluo na Waluhya kwa pamoja, na wenyewe hawakuwa wakijiita hivyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jina hilo likaachwa, na Kavirondo Kusini ikawa Nyanza Kusini.

Ilikuwa nchi pana na ya kila sura. Kaskazini ilipakana na ghuba, kutoka Kendu Bay na mlima Homa hadi Mbita. Magharibi ilifuata ufuo, ikapita chini ya vilima vya Gwassi na kushuka mpaka Muhuru. Kusini iliishia kwenye mstari ulionyooka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana wakiwa Ulaya, mstari uliowakata Wakuria vipande viwili, wengine Kenya na wengine Tanganyika. Ndani yake mlikuwa na Bonde la Lambwe, ambalo mbung'o na malale viliwafukuza watu kwa miaka mingi na ambalo sasa lina Hifadhi ya Ruma. Mlikuwa na mto Kuja unaoshuka kutoka Kisii, machimbo ya Macalder, na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Makao makuu yalikuwa Kisii, juu penye baridi, mji ambao Waingereza na Wajerumani waliupigania Septemba 1914. Waluo, Wagusii, Wakuria na Wasuba walipeleka kodi ya kibanda kwa utawala mmoja, ilhali hawakuwa na lugha moja wala babu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kisii ikajitenga, na makao ya Nyanza Kusini yakashuka hadi Homa Bay. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliyobaki ikagawanywa kuwa Homa Bay na Migori, na muongo huo huo zikaongezwa Kuria, Suba na Rachuonyo. Kisha ikaja Katiba ya 2010 na kaunti zake 47, ambazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013: Kuria ikarudi ndani ya Migori, Suba na Rachuonyo ndani ya Homa Bay. Katika maisha ya mzee mmoja, kijiji kile kile cha Mbita kimekuwa Kavirondo Kusini, Nyanza Kusini, Homa Bay, Suba, kisha Homa Bay tena.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yote ni maandishi ya makarani, na kwamba mipaka ya kweli ni ile aliyoiweka Mungu mwenyewe: mto, mlima, ufuo. Wanafalsafa nao wana tofauti ya namna hiyo. Barry Smith ametenganisha mipaka iliyomo katika umbo la dunia na mipaka iliyopo kwa sababu watu wameamua iwepo. Tofauti hiyo ina manufaa, lakini pwani ya Kisumu inaipa mtihani mgumu. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Mei 2020 likafika kimo kikubwa kuliko chochote kilichokuwa kimepimwa hadi hapo, na watu wa Dunga, Nyakach na Budalangi wakahamishwa na maji. Mtu aliyekuwa na shamba kando ya ziwa akajikuta ana shamba ndani ya ziwa, na hati yake ikiwa vile vile kabatini. Mstari wa karani ulitulia. Uliohama ni ule wa asili. Tazama pia mto Nyando. Maji yake huanzia nyanda za juu za Nandi na Kericho, na mvua kubwa ikinyesha huko, mafuriko huwakuta watu wa Ahero katika uwanda wa Kano hata kama kwao anga ni jeupe. Mto kama huo ukichorwa kwenye ramani kuwa mpaka, ramani imeficha jambo kubwa zaidi, kwamba anayefyeka msitu juu anamzamisha wa chini. Asili inatuonyesha nani anaweza kumdhuru au kumfaa nani. Haituambii nani anawajibika kwa nani. Hilo tunalazimika kuliamua sisi, na tukiliamua tumeunda kitu cha kweli.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa sababu linatoka nyumbani. Linasema hivi: kabla ya mkuu wa wilaya kulikuwa na piny, nchi za jadi za Waluo, yaani Alego, Gem, Asembo, Uyoma, Sakwa, Seme, Kano, Nyakach, kila moja na mtawala wake, ruoth, koo zake na makaburi yake. Wilaya iliazimwa na piny ilizaliwa, kwa hiyo wilaya ikifutwa hakuna kilichopotea. Wanaosema hivyo hutaja kesi ya S. M. Otieno. Wakili huyo alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Nakubali kwamba yapo madai ya damu ambayo hakuna karani anayeweza kuyafuta. Lakini tuangalie vizuri yaliyotokea mahakamani. Ukoo haukushinda kwa kuwepo tu. Ulilazimika kudai, kuleta mashahidi, na kueleza nani ana wajibu wa kumzika nani na kwa desturi gani. Damu yenyewe, ilipofika kwenye mgogoro, ilisimama juu ya wajibu uliothibitishwa, sawa na wilaya inavyosimama.

Wala piny hazikushuka kutoka mbinguni. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018 na ambazo inakadiriwa zilianza kujengwa karne ya 16. Hazina udongo wala saruji. Mawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yamefumwa kwa uso wa nje, uso wa ndani na mjazo wa kati unaozishika pande zote mbili, kwingine ukuta ukizidi mita nne, na milango imewekwa mifupi ili anayeingia ainame kwanza. Waliokaa humo hawakuwa watu wa lugha moja. Vikundi vilipokezana kwa karne kadhaa, na kila kilichofika kilikarabati ukuta kiliokuta umejengwa na wengine. Fikiri pia kuhusu Wasuba. Wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda wakakaa Rusinga, Mfangano na Gwassi, na kadiri vizazi vilivyopita wengi wakawa wanasema Kiluo nyumbani, hata Kisuba leo ni lugha iliyo hatarini. Wilaya ya Suba ya miaka ya 1990 ilikuwa kazi ya siasa na ya makarani, na haikudumu. Lakini iliwapa Wasuba ofisi ya serikali yenye jina lao, na leo maeneo bunge mawili ya Homa Bay yanaitwa Suba Kaskazini na Suba Kusini. Ukoo ulipokuwa ukiyeyuka, mstari wa karani ndio uliowashikia jina. Anayesema kwamba piny ni ya kweli na wilaya ni ya uongo hana la kuwaambia Wasuba.

Dini nazo zimeitwa kutoa ushahidi. Hotuba ya Paulo kule Athene, katika Matendo ya Mitume, husomwa na baadhi ya wahubiri kana kwamba kila mpaka wa makazi umewekwa na Mungu na kuugusa ni dhambi. Aya inayotaja mipaka, hata hivyo, inaanza na mataifa yote kutoka asili moja, na inasema nyakati na mipaka viliwekwa ili watu wamtafute Mungu. Qurani, katika sura ya Al-Hujurat, inaeleza kwamba watu walifanywa mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba ubora mbele ya Mwenyezi Mungu ni wa mchaji. Kote kuwili mgawanyo una kazi ya kufanya, na thamani yake imo katika kazi hiyo. Linalonisaidia zaidi ni Kumbukumbu la Torati, ambamo amelaaniwa anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake. Laana hiyo inafuatwa hapo hapo na laana ya anayempotosha kipofu njiani, na ya anayepotosha haki ya mgeni, yatima na mjane. Kwa kuwekwa katika kundi hilo tunajua ni nini kilicholindwa. Jiwe lilikuwa jiwe. Kilichokuwa kitakatifu ni haki ya jirani asiye na nguvu, ambaye jiwe hilo ndilo ushahidi wake wa pekee.

Makanisa ya hapa, katika kubadilisha mipaka yao, yamelielewa jambo hili kuliko serikali. Kanisa Katoliki lilianzisha Prefektura ya Kavirondo mwaka 1925. Mwaka 1932 ikawa Vikariati ya Kisumu, 1953 ikawa dayosisi, na 1990 ikawa jimbo kuu. Kisii ilikwisha kutengwa mwaka 1960, na Homa Bay ikapata askofu wake mwaka 1993. Katika mabadiliko hayo yote, kitabu cha ubatizo cha parokia hakikupoteza uhalali. Aliyebatizwa chini ya jina la Kavirondo hakuambiwa arudie ubatizo jina hilo lilipokufa, na paroko wa leo anawajibika kumtolea cheti kutoka kitabu kilichoandikwa na mtu aliyekufa zamani, chini ya mamlaka isiyokuwepo. Sioni mfano ulio wazi zaidi wa ninachokisema. Muundo umebadilika mara kadhaa, na hakuna muumini aliyepoteza alichoahidiwa, kwa sababu kila badiliko lilianza kwa kumtaja anayepokea.

Watu wa Nyanza waliijua haki hii mapema. Desemba 1921 walikutana Lundha, Gem, wakaanzisha Young Kavirondo Association, harakati ambayo wengi waliijua kwa jina la Piny Owacho, Jonathan Okwiri akiwa miongoni mwa viongozi wake. Walilalamikia kodi, kipande na kazi za lazima, na walitaka nchi irudi kuwa himaya baada ya kugeuzwa koloni mwaka 1920, kwa kuwa waliogopa ardhi yao haitakuwa salama chini ya jina jipya. Hofu hiyo ni lile swali la Aristotle, limeulizwa na watu waliokuwa na cha kupoteza: je, koloni itaheshimu yaliyokuwa ya himaya? Miaka miwili baadaye, chini ya uongozi wa Shemasi Mkuu Owen, chama kikawa Kavirondo Taxpayers Welfare Association. Walilichukua jina walilobandikwa, wakaliweka mbele ya neno la walipa kodi. Mmetuweka ndani ya mstari mkatutoza, basi mstari huo huo unawafunga ninyi. Ndivyo wilaya ya mkoloni, iliyochorwa kwa ajili ya kukusanya, ilivyogeuzwa na wakazi wake kuwa mahali pa kudai. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba mipaka ya kikoloni ilikuwa dhuluma tupu na kuifuta ni ukombozi mtupu. Dhuluma ilikuwapo. Juu yake watu walijenga haki kwa jasho lao, na haki hiyo ni mali yao.

Ushahidi ulio hai kuliko wote uko Kisumu kwenyewe. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti iwe hospitali ya Mkoa wa Nyanza. Siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua, 25 Oktoba 1969, walinzi wake waliufyatulia umati risasi na watu wakauawa, kwa hiyo jengo hilo lina deni lake jingine ambalo halijalipwa. Wenyeji wanaiita Russia hadi leo; mwambie mwenye boda boda "nipeleke Russia" na hatauliza tena. Umoja wa Kisovieti ulivunjika 1991. Mkoa wa Nyanza umefutwa. Hospitali ipo, na wagonjwa wanaendelea kuletwa kutoka Siaya, Homa Bay, Vihiga, Busia na kwingineko. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, hospitali za mikoa ziliwekwa chini ya kaunti zilimosimama, na hii ikawa ya Kisumu. Mama wa Ugenya aliyepewa rufaa akawa mgeni katika hospitali iliyojengwa kwa ajili yake pia, na kaunti moja ikabebeshwa mzigo wa mkoa mzima. Bunge liliona kasoro hiyo, likawa kwa miaka kadhaa linatenga ruzuku ya masharti kwa hospitali za ngazi ya tano kwa sababu zinahudumia watu wa kaunti nyingi. Ruzuku hiyo ilikuwa kukiri kwamba mkoa umekufa na madai yake hayajafa. Tatizo ni kwamba ilikuja kama fadhila ya bajeti, ya kuombwa kila mwaka, badala ya kuwa wajibu wenye mwenyewe.

Sasa lipo pingamizi la kisiasa, na lazima lijibiwe kwa uwazi. Litasemwa: ukikubali kwamba madai ya wilaya yanadumu, umewapa wanasiasa fimbo. Chini ya Moi, na zaidi chini ya Kibaki, wilaya zilitolewa kama zawadi za kutafutia kura hadi zikapita 250. Septemba 2009 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Daniel Musinga, ilitamka kwamba wilaya zilizoongezwa nje ya zile za Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992 hazikuwa halali. Je, wilaya isiyo halali inaweza kuacha deni halali? Nasema ndiyo. Mzazi aliyemwandikisha mtoto katika ofisi ya wilaya hiyo alifanya alichoagizwa, na cheti alichopewa kinaifunga serikali iliyomwelekeza pale. Kosa la aliyechora mpaka halihamii kwa aliyemwamini. Ninachokikataa ni hatua inayofuata, ambayo wanasiasa huipenda, kwamba madai yakidumu basi mpaka nao urudishwe. Haifuati. Deni hulipwa bila kumfufua aliyekopa.

Fiqhi ya Kiislamu imelipanga jambo hili kwa busara ambayo sheria zetu za mipaka hazijaifikia. Mtu akifa, kwanza hutolewa gharama za kumzika, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia usiozidi theluthi, na ndipo warithi wagawane kilichobaki. Mpangilio wenyewe una maana: mwenye kudai anamtangulia mrithi, na hakuna anayeruhusiwa kusema kwamba kwa kuwa marehemu hayupo hakuna wa kudaiwa. Nitaambiwa kwamba Kenya ilifanya hivyo, maana sheria ya 2012 iliunda Mamlaka ya Mpito na kuipa kazi ya kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza ya miji na wilaya yaliyovunjwa. Ni kweli, na ilikuwa kazi njema. Lakini muda wa Mamlaka hiyo uliisha mwaka 2016 kazi ikiwa haijakamilika, ikahamishiwa kamati ya mahusiano baina ya serikali kuu na kaunti. Na hata ingekamilika, ilihusu viwanja, magari, mishahara na mikopo. Haikuuliza kwa nini Wakuria walipewa wilaya yao. Walipewa kwa sababu ndani ya Nyanza Kusini walikuwa wachache, mbali na Homa Bay, na waliona huduma zikiwafikia mwisho. Leo Kaunti ya Migori ina maeneo bunge manane, na mawili tu kati yake ni ya Kuria. Sababu ya kuwapo kwa wilaya ile iko pale pale. Kilichoondolewa ni jibu lake. Viongozi wao wamekuwa wakidai kaunti yao. Sina hakika kwamba kaunti ya 48 ndiyo dawa, maana ndani yake pia watapatikana wachache. Lakini Katiba, katika kifungu cha 174, imeufanya ulinzi wa jamii za walio wachache kuwa mojawapo ya malengo ya ugatuzi, na Mkuria wa Kehancha ana haki ya kuambiwa ni ofisi gani Migori iliyopokea wajibu huo na nani anaweza kushtakiwa usipotimizwa.

Si lazima mambo yaende hivi. Bunge la Ukraine, kwa kura ya Julai 2020, lilipunguza wilaya za nchi hiyo kutoka 490 hadi 136, jambo kubwa kuliko lolote tuliloona hapa. Kabla ya kura hiyo, tangu 2015, jumuiya za mitaa zilikuwa zimeundwa na kuanza kukabidhiwa shule na zahanati. Wapo huko waliohuzunika kupoteza majina na makao makuu, na huzuni yao naielewa. Lakini mrithi alitangulia kutajwa, ndipo marehemu akazikwa. Hilo ndilo tulilolikosa sisi.

Linabaki pingamizi ambalo limenipa taabu kuliko mengine. Kama madai hayafi, yataishia wapi? Nyanza Kusini ilirithi kutoka Kavirondo Kusini, Kavirondo Kusini kutoka Uganda, na mbele yake zilikuwapo piny zilizonyang'anyana ardhi. Tukifuata kila dai hadi shina lake hatutamaliza, na walio hai watalemewa na wafu. Hapa namgeukia mwanafalsafa wa upande wetu wa ziwa, Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995. Katika maandishi yake kuhusu misaada ya kimataifa alitetea haki ya kila mtu kupata kiwango cha chini cha utu, yaani usalama wa mwili, afya na riziki, na akasema haki hiyo inatangulia mamlaka ya dola juu ya eneo lake. Yeye alikuwa akizungumza na mataifa tajiri. Lakini kama mpaka wa nchi nzima hauwezi kusimama mbele ya haki hiyo, mpaka wa kaunti utasimama vipi? Kwa kipimo chake madai yanapangika. Yanayogusa uhai, matibabu, maji na chakula hayamalizwi na badiliko la mpaka lolote, liwe la 1902 au la 2013. Mengine yanapimwa na yanaweza kuachwa. Mji wa Oyugis au wa Mbita uliopoteza ofisi za wilaya umepata hasara ya biashara na ya heshima, na hasara hiyo inauma, lakini heshima ya kuwa makao makuu hailipwi kama deni. Mgonjwa wa Mfangano anayehitaji mashua ya kumvusha usiku hadi Mbita hayuko katika fungu hilo. Yeye anadai, na amekuwa akidai chini ya kila jina ambalo kisiwa chake kimepewa.

Kifungu cha 188 cha Katiba kinaruhusu mipaka ya kaunti kubadilishwa iwapo tume huru itapendekeza, na theluthi mbili ya wabunge katika Bunge la Kitaifa pamoja na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti zitakubali. Kinataja mambo saba ya kuzingatiwa: wingi wa watu, miundombinu, uhusiano wa kihistoria na kitamaduni, gharama za utawala, maoni ya jamii zinazohusika, malengo ya ugatuzi, na sura ya nchi. Wajibu ambao wakazi wanadai haumo. Mvutano wa Maseno kati ya Kisumu na Vihiga, na ule wa Muhoroni kati ya Kisumu na Kericho, bado haujatulia, na ipo siku utafika mbele ya tume kama hiyo. Naomba wabunge na maseneta wa kaunti za ziwa wawe wa kwanza kuleta mswada unaoweka sharti la nane: kabla ya kura yoyote, ichapishwe orodha ya huduma na haki ambazo mkazi anazipata kupitia mpaka wa sasa, na mbele ya kila moja liandikwe jina la ofisi itakayoirithi na fungu la fedha litakaloigharimia. Mahali ambapo mrithi hajatajwa, mpaka usiguswe.